Barua kwa Mhariri: Wanaume tukapime tezi dume wakati bado tunajisikia wazima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wanaume wenzangu, hasa waliofika miaka 45 na kuendelea, na zaidi sana madereva wa malori manake hao ndo nawajua vizuri, nimekaa nao barabarani maisha yangu yote ya kazi, Dar mpaka Tunduma, Nakonde, Kasumbalesa mpaka Lubumbashi na kurudi, sasa nimestaafu niko Mbeya nalima. Nataka kuongelea saratani ya tezi dume. Najua kuna wanaume wakiona tu hayo maneno wanaruka wanaenda kurasa za michezo, nawaomba leo mnivumilie, mpira mtasoma baadae.

Nina rafiki yangu, jina nalihifadhi ila mwenyewe ameniruhusu niandike habari zake. Tulianza wote utingo tukiwa vijana, tukapata leseni, tukapewa magari. Ana miaka 58. Mgongo ulianza kumuuma huku chini kiunoni, na kwa dereva mgongo kuuma ni kitu cha kila siku, nani hauumwi mgongo akiwa anavuta mzigo kutoka bandarini mpaka mpakani? Akanunua mkanda wa kiuno, akanunua mto wa kukalia, akawa anachua dawa kila jioni, na akifika mji ambao ana duka la dawa analojuana nao anadungwa sindano ya diklopa anaendelea na safari. Hivo hivo mwaka na zaidi. Kukojoa hakuwa na shida yoyote, anakojoa vizuri kabisa, na kwa sababu hiyo tezi hakuiwaza hata siku moja, alikuwa anasema tezi ni ya wazee wanaoamka usiku mara tano.

Usiku mmoja wamepaki Makambako, akawa anashuka akachimbe dawa, kashika kile chuma cha mlangoni kama siku zote, mguu wa kwanza ukakanyaga ngazi, wa pili haukuja. Utingo wake anasema alimkuta ananing'inia kwa mikono huku anauangalia mguu wake mwenyewe, anauita. Asubuhi miguu yote miwili mizito, ganzi mpaka kiunoni, na mkojo umegoma. Hospitali wakamwekea mpira, wakapiga picha ya mgongo, wakachukua damu. Kile kipimo cha damu cha kuangalia tezi kinachoitwa PSA, ambacho madaktari wengi wanaanza kuwa na wasiwasi kikivuka 4, cha kwake kilikuwa kimepita 1,000. Saratani ilishatoka kwenye tezi siku nyingi, imeingia kwenye pingili za mgongo na imebana uti wa mgongo wenyewe. Sasa hivi anatembea kwa magongo, tena ndani ya nyumba tu, anachomwa sindano za homoni, amepigwa mionzi ya kupunguza maumivu, anamshukuru Mungu yupo. Ila madaktari wamemwambia ukweli, hapo alipo wanaizuia isikimbie, kuiondoa yote haiwezekani tena.

Sasa watu wengi nikiwasimulia hii wanauliza, inawezekanaje mtu awe na saratani ya tezi dume mpaka imeenda mgongoni na anakojoa vizuri? Na mimi hilo swali nilimuuliza daktari, na jibu lake ndo limenifanya niandike barua hii.

Tezi dume kila mwanaume anazaliwa nayo, sio ugonjwa. Ipo chini ya kibofu cha mkojo, mbele kidogo ya njia ya haja kubwa, kwa kijana ina ukubwa kama ndimu ndogo, na kazi yake ni kutengeneza majimaji yanayobeba mbegu. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Tukishazeeka hiyo tezi inakua, karibu nusu ya wanaume walio kati ya miaka 50 na 60 tezi zao zimeshaanza kukua, na huko kukua kwa kawaida ambako sio saratani kunatokea huku ndani kwenye mrija, kwa hiyo mrija unabanwa: unaamka usiku mara kwa mara, unasimama chooni unasubiri, mkojo unatoka kwa kukatakata, ukidhani umemaliza matone yanafuata kwenye suruali. Saratani yenyewe mara nyingi inaanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na mrija. Inaweza kukaa huko miaka, inakua taratibu, haijagusa mkojo wako hata kidogo. Kwa hiyo wanaume tumelielewa jambo hili kinyume. Yule anayeamka usiku mara nne anaogopa kwenda hospitali akidhani ameshakufa, kumbe wengi wao ni tezi imekua tu na dawa zipo, anapewa vidonge anarudi kulala. Na huyu ambaye hana dalili yoyote anajiona yuko salama, kumbe dalili sio kipimo. Ukisema nasubiri nione dalili ndo nikapime, unasubiri kitu ambacho kikifika kimeshachelewa, mgongo, nyonga, damu kwenye mkojo, kukonda, miguu kukosa nguvu, hizo ni habari za mwisho jamani.

Haya, tuje kwenye kidole, kile kipimo ambacho daktari anaipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, manake najua ndo kinachowaweka watu nyumbani. Nimekaa vijiwe vingi, nimesikia wanaume wazima wenye wajukuu wanasema bora nife kuliko kupimwa vile. Naomba niwaambie inavyokuwa kwa sababu mimi nimepimwa. Daktari alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa pili, akafunga mlango, akavuta pazia, akanieleza kwanza anachotaka kufanya na kwa nini, akauliza kama nakubali. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti unayakunja kuelekea kifuani, yeye anavaa glavu anapaka jeli. Unasikia kubanwa, unasikia kama unataka kwenda haja, na kabla hujajua useme nini ameshatoa. Haikuchukua hata muda wa kusoma aya hii. Akanipa tishu, akageukia dirishani nivae. Akaniambia mzee wangu tezi yako imekua kidogo ila ni laini, pande zote mbili ziko sawa, hakuna nundu. Hicho ndo wanachotafuta, nundu au ugumu au upande mmoja kuwa tofauti na mwenzake, na wanatumia njia ile kwa sababu saratani inapenda kuanzia nyuma na kidole kinafika hapo hapo. Hakuna kingine. Nilitoka nikavuka barabara nikanywa chai. Uanaume wangu nilienda nao na nikarudi nao.

Na kama hilo bado linakushinda basi anza na damu. Wengi hawajui kabisa kwamba kuna kipimo cha damu, wanadhani ni kidole tu basi. Sindano mkononi kama ya kupima malaria kwenye hospitali kubwa, wanapeleka maabara, majibu yanarudi. Ukifika mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba leo naomba tuanze na PSA, hakuna atakayekukimbiza na glavu. Kidole kinaongeza uhakika, manake kuna saratani chache ambazo damu haizioni na kidole kinazishika, lakini kati ya mtu aliyepima damu peke yake na mtu ambaye hajapima chochote, aliyepima damu ametangulia mbali sana.

Mke wangu alizaa watoto wanne mbele ya watu asiowajua, wengine wanafunzi wamesimama wanaangalia, halafu kila akiitwa kupima mlango wa kizazi anaenda, anapanda kitanda, anapimwa, anarudi anapika. Sijawahi kumsikia akisema amedhalilishwa. Kampeni za akina mama zimefanya kazi kubwa nchi hii na nazisifu kwa moyo wote, tatizo mwanaume toka amalize kliniki ya utotoni hana tena siku yake ya hospitali, anakutana na daktari akipata ajali au akianguka.

Kuna mambo kuhusu hiyo damu mtu ayajue kabla hajaenda, manake nimeona watu wanapata namba kubwa wanaandika wosia. PSA haisemi una saratani. Ni kitu kinachotengenezwa na tezi yenyewe, kinapanda tezi ikiwa na saratani, lakini kinapanda pia tezi ikiwa imekua tu, ukiwa na maambukizi ya mkojo, ukiwa umewekewa mpira, hata ukiwa umekutana na mkeo jana yake au umeendesha baiskeli mwendo mrefu. Kwa hiyo siku mbili kabla tulia, baiskeli iache na mambo ya chumbani yaache. Kama ulikuwa na UTI tibu kwanza, halafu kaa kama wiki sita ndo upime. Na kama unatumia vidonge vya kupunguza tezi vinavyoitwa finasteride mwambie daktari, vile vinaishusha namba karibu nusu, unaweza ukaonekana mzima wakati sio. Namba ikiwa juu kawaida wanarudia tena, wakiona bado iko juu wanaenda kwenye picha za utrasaundi au MRI pale ilipo, halafu ndo wanachukua kinyama kwa sindano wakakiangalie kwenye hadubini. Kinyama ndo kinachosema ni saratani au siyo, na kama ndiyo, kinasema ni kali kiasi gani. Tunza makaratasi yako yote ya majibu kwenye bahasha moja, daktari anapata picha nzuri zaidi akiona namba ilivyokuwa inatembea mwaka hadi mwaka kuliko kuona namba moja.

Tuseme imeonekana. Hapa ndo watu wanaponishangaza kwa sababu wanadhani kugundua na kufa ni kitu kimoja. Takwimu za Marekani zinaonyesha wanaume ambao saratani yao imekutwa bado ndani ya tezi au jirani tu na tezi, karibu wote wanakuwa hai miaka mitano baadae, yaani zaidi ya 99 kwa kila 100, lakini ikikutwa imeshaenda mbali kama kwenye mifupa, wanaobaki ni kama theluthi moja. Ugonjwa ni uleule, dawa za nchi ni zilezile, kilichotofautiana ni siku uliyoingia mlangoni. Na huko Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani zao zilikutwa mapema kwa kipimo hiki hiki cha damu, wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine hawakutibiwa kwanza ila wanaangaliwa kwa karibu, na baada ya miaka 15 kama 97 kati ya kila 100 hawakufa kwa saratani ya tezi, kundi lolote walilokuwepo. Kwa hiyo sio kila anayekutwa nayo anakatwa. Nyingine zinatembea polepole sana, mzee anaishi nayo mpaka anakufa kwa kitu kingine, daktari mzuri atakwambia tuifuatilie kwanza. Nalisema hili kwa sababu kuna wasomi wanaosema vipimo hivi vinawaingiza watu kwenye matibabu wasiyoyahitaji, na wana hoja, ndo maana nasema kaa na daktari muulize faida na hasara kwa umri wako na hali yako. Lakini hapa kwetu tatizo letu kubwa sio kutibiwa kupita kiasi. Pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, madaktari wamesema miaka mingi kwamba wagonjwa wengi wa saratani wanafika hatua ya tatu na ya nne.

Nguvu za kiume. Najua ndo swali ambalo mtu anashindwa kuuliza mbele za watu. Ni kweli, upasuaji na mionzi vinaweza vikapunguza nguvu, wengine mkojo unavuja kwa muda na kwa wachache unaendelea, sitadanganya. Mapema daktari ana nafasi ya kujaribu kuokoa mishipa inayohusika, na hata kuamua kutokugusa kabisa. Ukichelewa nafasi hiyo haipo. Saratani hii inakula homoni za kiume, kwa hiyo ikishasambaa tiba kubwa ni kuzikata hizo homoni, kwa sindano miaka na miaka, au kwa kutoa korodani, na hospitali zetu nyingi wanatoa korodani kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko sindano za maisha. Rafiki yangu aliniambia, kwa hiari yake, kwamba hamu imeisha yote na kifua kimeanza kuota kama cha binti. Ndugu yangu unayeogopa kupima ili ulinde uanaume, upotevu mkubwa wa uanaume uko huku mwisho.

Angalieni wakubwa. Novemba 2014 Rais Kikwete akiwa madarakani alifanyiwa upasuaji wa tezi dume hospitali ya Johns Hopkins pale Baltimore Marekani, na Ikulu ilitangaza wazi, nchi nzima ikajua. Leo mnamuona, anasafiri, anahutubia, anasuluhisha. Mzee Mandela alikutwa na saratani hii 2001 akiwa na miaka 83, akapigwa mionzi, akaishi mpaka Desemba 2013. Askofu Tutu alikutwa nayo 1997 akafariki 2021 akiwa na miaka 90, hesabu mwenyewe. Wenzetu wa Kongo tuliokuwa tunapanga nao foleni Kasumbalesa walikuwa wanapenda kusimulia habari za Mobutu rais wao wa zamani, mtu mwenye majumba Ulaya na ndege ya kukodi wakati wowote, Agosti 1996 alikuwa Uswisi anapasuliwa tezi dume, Septemba mwaka uliofuata akafa Morocco. Na mwaka 2025 mwezi wa tano Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, akatangaza kwamba yake imekutwa kali na imeshafika kwenye mifupa, ofisi yake ikasema mara ya mwisho inayojulikana kupimwa PSA ilikuwa 2014. Mtu aliyekuwa anazungukwa na madaktari usiku na mchana. Kuwa na hela na kupima ni vitu viwili.

Halafu kuna hawa wa spika. Stendi yoyote utakayoshuka utakuta gari au meza, spika inapiga kelele, dawa ya tezi dume, inayeyusha tezi bila upasuaji, chupa moja wiki mbili. Wanaume wananunua kwa sababu pale hauvui suruali na hakuna anayekuuliza jina. Simkatai mtu wa miti shamba, gome la ule mti wa milimani wanaouita Prunus africana, ambao uko hata Kilimanjaro, limeuzwa sana Ulaya kwa ajili ya kupunguza usumbufu wa mkojo kwa wenye tezi iliyokua. Lakini kupunguza kuamka usiku na kutibu saratani ni mambo tofauti kabisa. Hatari ya hizo chupa ni kwamba mkojo unaweza ukatulia kidogo, ukasema nimepona, wakati huku nyuma kitu kinaendelea na hakuna aliyekichungulia. Kama lazima unywe, pima kwanza ndo unywe.

Nani akapime mapema zaidi? Sisi watu weusi hatari yetu ni kubwa kuliko ya wengine, hilo halina ubishi. Uingereza wanahesabu mwanaume mmoja kati ya 8 atapata saratani hii maishani, kwa wanaume weusi wa hukohuko ni mmoja kati ya 4. Kwa hiyo ile miaka 50 inayotajwa kwenye mabango ya wazungu, kwetu sisi wengi wanashauri tuanze kuongea na daktari tukifika 45. Na kama baba yako au kaka yako wa damu aliugua, hatari yako ni zaidi ya mara mbili, na kama waliougua ni wawili watatu basi anza 40. Hata upande wa mama uangalie, kuna familia ambazo saratani ya matiti ya akina mama na ya tezi dume zinatokana na kasoro moja ya kurithi.

Sasa hapa ndo usiri wetu unatuua mara mbili. Ni familia ngapi zinasema mzee alikufa kwa mgongo, mzee alilogwa miguu, mzee alizuiliwa mkojo na jirani? Inawezekana kabisa wengine ilikuwa ni hii, ila mzee alimwambia mkewe peke yake, mke akanyamaza kwa kumheshimu, na watoto wa kiume wanne wamekua hawajui wamebeba nini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mzee wangu unayesoma hapa, kama umeshapimwa ukakutwa na shida, waite wanao wa kiume uwaambie, na kaka zako pia, hata kwa simu. Rafiki yangu alivyoambiwa majibu, kitu cha kwanza alichofanya akiwa bado na mpira wa mkojo ni kuwapigia wadogo zake watatu. Wawili wamepima wako salama. Wa tatu anasema bado anajipanga, na nimemwambia kaka yake amsomee barua hii ikitoka.

Akina mama na dada zetu na nyie nawaomba. Mwanaume haendi hospitali mwenyewe, anapelekwa. Mkeo akikwambia baba fulani twende wote na mimi nipime presha, unaenda. Mabinti mnaowatumia wazazi hela ya sikukuu, mwaka huu mlipieni mzee kipimo, mpelekeni mwenyewe, msimtumie hela kwenye simu mkadhani atakwenda. Kwa hapa kwetu Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda, Moshi kuna KCMC ambao kwa mambo ya mkojo na tezi wana historia ndefu, Mwanza kuna Bugando, Dodoma kuna Benjamin Mkapa, Dar kuna Muhimbili na hiyo Ocean Road, na damu yenyewe hospitali nyingi za mikoa na maabara za binafsi wanaipima, bei zinatofautiana kwa hiyo ulizia kwanza, na kama una bima waulize kabla hujaingia.

Wamiliki wa malori ninaowaheshimu, mnapima matairi, mnapima breki, gari likipita kilomita kadhaa lazima liingie gereji hata kama halilalamiki. Mwekeni dereva naye kwenye ratiba hiyo. Mtu akishafika 45 apewe siku moja kwa mwaka yenye malipo, apime sukari, presha, macho na PSA, haitawafilisi. Serikali na hospitali nao waje tuliko. Mwanaume hapatikani kliniki, anapatikana mizani ya Vigwaza, Mikese, Makambako, anapatikana kwenye foleni ya Tunduma ambako watu wanalala siku kadhaa hawana la kufanya, anapatikana msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili na kwenye vibanda vya kuangalia mpira. Novemba inaitwa mwezi wa afya ya wanaume sehemu nyingi duniani, pigeni hema moja tu pale Tunduma mwezi huo, wekeni muuguzi wa kiume mwenye maneno mazuri, chukueni damu, muone foleni itakavyokuwa. Shehe au mchungaji akisimama akasema mimi nimepima jana na sijambo, hiyo inazidi mabango elfu.

Mwisho Mhariri nina ombi kwako binafsi. Gazeti lako lina ukurasa wa afya, na nimeona mara nyingi umejaa habari za ngozi na kupunguza tumbo. Naomba kwa wiki nne tu mtafute daktari wa mfumo wa mkojo ajibu maswali ya wanaume, yatumwe kwa meseji bila majina, manake maswali ambayo madereva wameniuliza pembeni toka wajue nimepima ni mengi na mengine siyawezi. Mmoja ana miaka 47, baba yake alikufa kwa ugonjwa huu, amepima PSA imetoka 3.1, anataka kujua kama arudie baada ya mwaka au mapema zaidi. Mwingine anakojoa damu mara moja moja na ameambiwa ni kichocho cha utotoni, huyo nimeshamwambia asisubiri gazeti, Jumatatu tunaenda naye.

Ni mimi msomaji wako,
Dereva mstaafu,
Mbeya.